Nitakuwa Hapo Saa Tatu

Fundi alikuwa na pini mdomoni na gauni la mteja msumbufu mapajani ujumbe ulipoingia. Akazitema pini kwenye kisahani, akausoma, akausoma tena, kisha akamwita baba yake aliyekuwa chumba cha pili kwa sauti ya mtu ambaye nyumba yake inaungua.

Ujumbe ulitoka kwa Kitinda, mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile, anayefunga na kutengeneza lifti za maghorofa huko mbali alikokwenda, mwaka wa saba sasa. Uliandikwa mbiombio: "Dada, kampuni imenihamisha ghafla. Nimeshapanda ndege, tunaondoka sasa hivi, nazima simu. Kesho asubuhi nitakuwa hapo uwanjani kwetu saa tatu, halafu naunganisha ndege nyingine. Mleteni Baba."

Na huyo Baba ndiye shughuli yenyewe. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu tangu ndevu hazijamwota mpaka zilipomjaa mvi, na sasa presha ya macho ilikuwa inammaliza polepole. Daktari alimvuta Fundi pembeni akamweleza kwamba Mzee anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, kwamba bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba, na dawa kazi yake ni kuchelewesha tu. Akamwambia kama kuna mtu Mzee angependa kumwona, amwone mapema. Tangu siku hiyo Fundi alikuwa roho juu. Aliapa kwamba Baba atamwona Kitinda kabla macho hayajafunga duka, na kila alipompigia mdogo wake alimwambia hivyohivyo, naye Kitinda kila mara akajibu kwamba likizo bado, labda mwakani. Sasa mwakani ilikuwa imekuja yenyewe, bila kuitwa, siku ya Jumamosi asubuhi.

Baba alisikiliza ujumbe ukisomwa mara mbili. Hakupiga makofi wala hakutoa chozi. Aliuliza jambo moja tu: huko anakotoka mtoto mpaka hapa ni kilomita ngapi?

Fundi hakujua. Kwake yeye huko kulikuwa ni huko tu, mahali ambapo watu hupiga picha wamevaa makoti. Lakini mtu aliyeendesha lori miaka thelathini hawezi kukubali safari isiyo na kilomita. Alisema gari huwezi kulipokea kama hujui limetoka umbali gani, maana hutajua likichelewa, limechelewa au ndiyo mwendo wake. Basi Fundi akatoka nje kumgongea Mwalimu.

Mwalimu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mfundishaji wa jiografia, mwenye gari dogo na maneno mengi. Alikuja na tufe la shule ambalo lilipaswa kuwa shuleni, akaliweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaomba uzi. Fundi akampa mwekundu. Mwalimu akabana ncha moja ya uzi kwa kidole kwenye mji wa Kitinda, akauvuta mpaka nyumbani, na uzi, badala ya kwenda moja kwa moja kama Fundi alivyotarajia, ukapanda juu ukapinda kama unakwepa kitu.

Fundi akauliza kwa nini ndege izunguke huko juu na njia iko wazi. Mwalimu akasema haizunguki, hiyo ndiyo njia fupi, ramani ya ukutani ndiyo inayodanganya. Baba, aliyekuwa amekaa na mikono juu ya magoti, akamuuliza kama ni kweli miaka yote hiyo amekuwa akiwafundisha watoto wa watu kwa ramani inayodanganya. Mwalimu akajifanya anatafuta futi ya kupimia. Baba akaomba apewe uzi wenyewe, akaupitisha kati ya vidole viwili polepole, mwanzo hadi mwisho, akaurudisha.

Kwa uzi ule, futi ya fundi cherehani na kuzidisha kwingi, zilipatikana kilomita kama elfu tisa. Mwalimu mwenyewe hakuiamini hesabu yake. Akaomba simu ya Fundi, yake ikiwa imepasuka kioo, akaingia mtandaoni kutafuta umbali kati ya viwanja viwili vile vya ndege. Ukurasa ukafunguka, umejaa matangazo ya mabegi na hoteli, na hapo ndipo watu watatu wenye akili timamu walipoanza kuchanganyikiwa rasmi.

Umbali uliandikwa kwa kilomita, ukaandikwa kwa maili, kisha ukaandikwa kwa maili za baharini, na Baba akataka kujua ndege na bahari wapi na wapi. Muda wa kuruka ulikuwa saa kumi kwa kuja huku na mwingine kwa kurudi kule. Hilo lilimkera Mzee kuliko yote. Barabara ni ileile, alisema, haiwezi kuwa ndefu asubuhi na fupi jioni, labda pawe na mlima. Mwalimu akasema ni upepo, ukiwa nyuma unaisukuma ndege, ukiwa mbele unaizuia.

"Basi sema hivyo," Baba akasema. "Upepo ndio mlima wao."

Chini kabisa ya ukurasa paliandikwa muda wa safari hiyohiyo kwa gari: haiwezekani. Baba aliposomewa hilo akauliza kwa hasira nani aliyesema. Mwalimu akamweleza kwamba kati kuna maji. Baba akasema maji yana vivuko, na yeye lori amelipandisha kwenye vivuko ambavyo mwandishi wa ukurasa huo hata kuviota hajaviota. Fundi akaingilia, akamwomba Mwalimu aangalie saa za kule na saa za hapa, na Mwalimu alipogusa kioo ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukaganda. Bando lilikuwa limekwisha. Lote lilikuwa limeliwa na matangazo ya mabegi. Duka la vocha la mtaa ule lilikuwa limeshafungwa, Fundi akasema potelea mbali, ataweka kesho.

Wakabaki na vichwa vyao. Mwalimu alijua kwamba kule jua lilikuwa bado kali wakati hapa taa zimeshawashwa, kwa hiyo Kitinda ameondoka mchana. Baba akasema kama ameondoka mchana na anasafiri saa kumi atafika usiku, sasa asubuhi inatoka wapi? Mwalimu akamwambia mchana wa kule ndio usiku wa hapa. Fundi akauliza je, yeye mwenyewe Kitinda akiwa humo ndani atakuwa na mchana au usiku. Mwalimu akalizungusha tufe kwa kidole, akasema atakuwa na vyote viwili, kimoja kifupi. Jibu hilo halikumsaidia mtu.

"Tuache ya kule," Fundi alisema hatimaye. "Ujumbe umeingia hapa saa mbili na nusu za usiku. Amesema wanaondoka sasa hivi. Ongeza saa kumi."

Wakaongeza. Ikaja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wakaongeza tena kwa vidole, ikaja hiyohiyo.

Lakini Kitinda ameandika saa tatu. Na kati ya hesabu za watu watatu waliokaa sebuleni na neno la mtu aliye ndani ya ndege yenyewe, nani atakayezifuata hesabu? Zikabaki saa mbili na nusu hazina mwenyewe, na kila mmoja akaanza kuzitafutia nyumba. Baba akasema huko juu nako hakukosi foleni na mizani, na hakuna dereva anayeendesha saa kumi mfululizo bila kupumzika, akijigamba hivyo ujue ni mwongo. Mwalimu akasema upepo huenda ukageuka, na rubani akiona mvua mbele huizunguka. Fundi akasema mtu akishatua kuna mihuri, kuna maswali, kuna kusubiri mizigo, na Kitinda tangu utoto ni mzito wa kutoka mahali. Wakajumlisha mapumziko, mvua na mihuri, ikatimia saa tatu barabara. Wakaridhika. Mwalimu hata alimpa Mzee mkono.

Ni kweli kwamba kabla ya kuaga Mwalimu alisimama mlangoni akasema labda waende mapema, wafike hata saa kumi na mbili, wasubiri. Na ni kweli kwamba aliyekataa ni Fundi. Alisema miguu ya Baba haiwezi baridi ya alfajiri, na vile viti vya chuma vya uwanjani havikutengenezewa wazee. Akasema wakifika saa mbili na nusu inatosha, watakuwa na nusu saa ya kupoteza.

Asubuhi Baba alimchelewesha. Alitaka kunyolewa, tena kwa wembe mpya. Alitaka koti lake la kijivu, lile la kuagwa kazini, na alipovalishwa akapitisha kiganja kwenye mikunjo akasema pasi haikupita vizuri begani. Fundi alikuwa na hamu ya kumwambia kwamba wanakwenda uwanja wa ndege, si studio ya picha, lakini akaona amwache na furaha yake. Akapiga pasi upya. Mwalimu alikuwa nje anapiga honi.

Njiani Fundi alikaa nyuma na Baba, akimweleza mpango. Watakaa mbele kabisa, mkabala na mlango wa kutokea abiria. Kitinda akitokea tu, yeye atamshika Baba kidevu amgeuzie upande wake, maana bomba la macho lazima lielekezwe. Baba aliitikia kila jambo. Aliuliza kama mlango huo ni mpana na kama watu husukumana.

Walifika saa mbili na nusu kama walivyopanga. Mlango wa kutokea abiria ulikuwa na madereva wachache walioshika vibao vya majina, wamechoka, wanapiga miayo. Fundi akamkalisha Baba mbele kabisa. Juu ya mlango kulikuwa na ubao wa taa unaoonyesha ndege zinazoingia, akautazama kutoka juu hadi chini, na ndege ya kutoka kule akaiona, lakini mbele yake paliandikwa kwamba imeshatua. Akadhani ni ya jana. Akaenda kumuuliza Mwalimu, naye Mwalimu akavaa miwani, akasema labda ziko mbili. Wakautafuta ubaoni ule mstari wa pili wa ndege ya pili. Haukuwepo.

Mlango ukafunguka, wakatoka watu wa ndege nyingine kabisa, wanachekacheka, wamevaa kofia za aina moja. Baba akauliza ndiye? Fundi akasema bado. Aliona kibanda cha vocha karibu na choo, akaenda, akanunua vocha, akaikwangua na kuingiza bando huku akitembea.

Simu ikatetemeka mkononi. Ikatetemeka tena, ikawa haiachi. Ujumbe wa kwanza: "Nimetua. Ndege imewahi dakika chache." Wa pili: "Nipo nje mlangoni hapa wanaposimama wenye vibao." Halafu: "Dada mko njiani?" Halafu: "Laini yangu haipigi huku, natumia mtandao wa bure wa hapa. Nijibu." Halafu: "Nimebakiza saa moja na nusu." Halafu: "Baba yupo salama?" Na wa mwisho, uliotumwa wakati wao walipokuwa wanatafuta mahali pa kuegesha gari: "Wananirudisha ndani kwa ukaguzi. Saa zangu tatu ndiyo zinaisha hizi. Sijui kimetokea nini."

Saa zangu tatu. Fundi alisimama katikati ya ukumbi, watu wakimpita na matoroli yao. Mdogo wake hakuwa amesema atafika saa tatu. Alisema atakaa saa tatu. Atakuwa hapo saa tatu, kama mtu anavyosema alikuwa kwa kinyozi saa mbili nzima. Saa ya ukutani na saa ya kukaa sisi wote tunaziita jina moja, tunaelewana siku zote bila kufikiri, na siku moja hatuelewani. Na hesabu yao ya jana usiku ilikuwa sahihi tangu mwanzo, wakaipindisha wao wenyewe kwa mihuri na mvua. Fundi alijiona mjinga, akaona haya, akataka kukaa chini palepale alie.

Hakukaa. Akaandika, vidole vikikosea herufi, "Tupo. Uko wapi." Jibu likaja papo hapo: amepita ukaguzi, wameanza kuitwa, lakini juu kuna kioo kikubwa, akisimama hapo anauona ukumbi wa wanaosindikiza. Fundi akajaribu kumpigia kwa mtandao. Ikaita, ikakwaruza sauti isiyo ya mtu, ikakata. Akaandika: "Usiondoke kwenye kioo."

Mlinzi aliyeulizwa alielekeza kwa kirungu. Mwalimu akamshika Mzee mkono huu, Fundi mkono ule, wakampandisha ngazi ambazo kwa kawaida angezilalamikia, lakini hakulalamika. Fundi alimweleza kwa mkato, akihema, kwamba wamechelewa, kwamba kosa ni lake, kwamba watamwona kwa kioo tu. Baba akauliza kama kioo hicho ni cha kuonekana pande zote mbili. Fundi hakuelewa anauliza nini, akamwambia ndiyo.

Kitinda alikuwa pale. Alikuwa amenenepa, nywele zimemkimbia mbele, na begi lake alilitupa miguuni. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimebandikwa kwenye kioo. Kati yao palikuwa na ukuta wa kioo na nafasi ya hatua chache, na hakuna sauti iliyopita. Alikuwa anasema kitu, mdomo ukienda, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya abiria wenzake.

Fundi akamshika Baba kidevu. Akamgeuza kushoto kidogo, akamwinua. Akamwambia hapo, hapohapo, moja kwa moja mbele, mwenye shati la bluu. Akasubiri uso wa baba yake ubadilike. Haukubadilika. Akadhani hajamlenga vizuri, akamsogeza tena, chini kidogo, kulia kidogo, maana ndani kule mfanyakazi mwenye sare alikuwa amemsogelea Kitinda anamwonyesha saa.

"Baba, umemwona? Niambie umemwona."

Baba akamshika mkono akautoa kidevuni, taratibu, kama anayetoa uzi kwenye nguo.

"Yeye ananiona?"

"Anakuona. Analia. Wewe tazama, Baba, wanamwita."

"Basi niachie. Na Mwalimu naye aniachie. Nataka nisimame mwenyewe."

Mwalimu akamwachia. Fundi hakutaka, lakini Baba alijivua mkononi mwake, akafunga kifungo cha koti, akanyoosha mgongo mpaka akarudia urefu ambao Fundi alikuwa ameusahau. Alikuwa ameelekea pembeni kidogo ya mwanawe, uso na mkono wake vimeelekea kwenye nguzo, na alitabasamu. Fundi alimtazama, akaitazama ile nguzo, akamtazama tena.

"Baba," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua kuanza. Kulikucha siku moja, kwangu hakukucha."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia mngenileta?" Baba hakugeuka. Midomo yake ilisogea kidogo tu, ili tabasamu lisiharibike. "Wewe unamhesabia macho yangu, mama. Mimi nilimhesabia yake. Mtoto ana miaka saba anaambiwa baba yako anakwisha, anakwisha. Nimekuja anione sijaisha. Inua mkono wangu kama nimeuelekeza siko."

Fundi akaushika mkono wa baba yake kwenye kiwiko, akausogeza kutoka kwenye nguzo mpaka pale alipokuwa Kitinda, akauinua, akauachia. Mkono ukabaki juu wenyewe. Upande wa pili wa kioo Kitinda akainua wake. Alikuwa ameacha kulia, alikuwa anacheka kwa mdomo wazi, anajipigapiga mashavu akimwonyesha Baba kwamba yeye Mzee amenyolewa vizuri, kwamba anapendeza. Mwenye sare akamshika bega. Kitinda akaokota begi, akaondoka kinyumenyume, akawagonga watu wawili, akapotea nyuma yao.

"Bado yupo?" Baba akauliza.

"Ameondoka."

"Aliondoka ananitazama?"

"Alikuwa anatembea kinyumenyume, Baba."

Mzee akashusha mkono. Mabega yakateremka, koti likamlegea, na ule urefu wote ukaisha kwa pumzi moja. Akapapasa hewani upande ambao hapakuwa na mtu.

"Basi nishike sasa," alisema. "Hata sijui tumeingilia wapi."